Chaneli ya Salamu

Mdogo wangu hajui kuingia kwenye neno moja kwa moja. Nyumba yake ikiungua na mkakutana njiani, atakuuliza kwanza umeamkaje, watoto wakoje, mzee wako amerudi shamba, na yule mbuzi mgonjwa alipona au mlimla, halafu ndipo ataomba ndoo ya maji. Tulizaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, na kule kwetu mtu asiyesalimia amekuja kugombana au ameleta msiba. Mimi nimekaa Nchelenge, ukingo wa huku, nikajifunza kufupisha, maana sokoni Kashikishi ukirefusha maneno mteja anahamia meza ya jirani. Yeye hakujifunza. Ugomvi wetu mkubwa kuliko yote, uliotufanya tupike kwenye meko mawili katika ua mmoja, ulikuwa juu ya salamu na redio.

Ili uuelewe lazima nianze na fonie. Kabla simu hazijafika kwetu, kila mji mdogo ulikuwa na nyumba ya fonie: chumba kimoja, betri ya gari chini ya meza, waya mrefu uliofungwa kutoka mti huu hadi mti ule, na redio ya kupokezana maneno. Ukibonyeza kitufe unasema, ukikiachia unasikia. Mjomba wetu ndiye aliyeiendesha. Watu walikaa kwenye benchi nje, wakingoja kuitwa na ndugu zao wa Lubumbashi au Kalemie. Siri haikuwepo. Benchi zima lilisikia, na fonie nyingine zote zilizokuwa hewani saa hiyo zilisikia pia. Kwa hiyo habari mbaya hazikusemwa waziwazi, zilipitia kwenye salamu. Aliyeita alileta salamu za watu wote wa nyumba yake, mmoja mmoja, na mama zetu kwenye benchi waliwahesabu kimya. Mtu akirukwa, walijua amekufa.

Ndivyo tulivyojua habari ya kaka yetu mkubwa. Alikuwa akifanya kazi machimboni Lubumbashi na akikaa kwa shangazi. Siku hiyo shangazi aliita, na sauti yake ikaja na mikwaruzo mingi: "Baba mukubwa anabasalimia. Mama mukubwa anabasalimia. Batoto bote banabasalimia. Jirani wa hapa mulangoni anabasalimia." Mama akangoja. Shangazi akahamia watu wa nyumba ya pili. Mdogo wangu, ambaye alikuwa bado wa kupakatwa, akauliza kwa sauti kubwa, "Na yaya?" Kwetu yaya ni kaka au dada mkubwa. Mama akafungua kitambaa chake cha kichwani akakishika mkononi, na mjomba akazima redio ili watu wa mbali wasisikie kilio.

Kwa sababu hiyo sijawahi kumcheka mdogo wangu kwa salamu zake, ingawa nimemgombeza kwa ajili yazo mara nyingi.

Vita vilipotuvusha ziwa tulipelekwa Mantapala, makazi ya wakimbizi. Tukapewa kiwanja, tukalima mihogo, na mihogo ikakubali. Lakini sisi ni watu wa maji. Baada ya kupata ruhusa ya kutoka makazini kwa ajili ya biashara tulishuka ufukweni, tukaungana na akina mama wa pale tukaanzisha ushirika wa kuuza chisense, wale samaki wadogo wanaoanikwa mchangani mpaka wang'ae. Mwenyekiti wetu ni mama mmoja Mbemba, mwenyeji wa pale, mpole wa sauti na mgumu wa shingo. Mimi nilipewa meza ya soko kwa sababu ya mdomo wangu. Mdogo wangu alipewa boti kwa sababu hatapiki mawimbi yakipanda, na kwa sababu wavuvi wa Kisiwa cha Kilwa, kilichomo humuhumu ziwani, wanampenda. Kwa nini wasimpende? Anawauliza habari za wajukuu.

Kisiwa hicho unakiona kwa macho siku ya anga safi, lakini simu inakata njiani. Ukipita matete na kuingia maji makubwa, mtandao unakwenda na kurudi kama mtu aliyelewa, na upepo ukianza unakwenda tu. Kila alasiri upepo ulipobadilika niliacha meza nikaenda kusimama ukingoni na simu mkononi, nikipiga namba ambayo haipatikani. Wanawake wengine waliona ni kawaida. Ziwa ni ziwa, walisema. Mimi sikukubali. Nilishazika watu wa kutosha bila kuwasikia. Nilitaka kitu kimoja tu, kwamba boti ya mdogo wangu ikipata shida, nisikie.

Mchuuzi mmoja aliyetoka mpakani Kasumbalesa alituletea redio mbili ndogo za mkononi, za rangi ya manjano kama vitu vya kuchezea. Alituambia hizi hazihitaji leseni wala ofisi, unatia betri unaongea. Kwa hilo hakudanganya. Tulizijaribu tukafurahi, mdogo wangu akiwa ndani ya boti na mimi mezani, mpaka boti ilipofika kwenye matete. Pale sauti yake ikawa mchanga mtupu. Yaani zilifika mpaka pale ambapo hata mimi kwa koo langu ningemfikia.

"Yaya, hii redio yako," aliniambia aliporudi, "inashindwa na mudomo yako."

Nikatafuta kubwa. Ilitoka ng'ambo, soko la vitu vilivyotumika Lubumbashi, redio nzito ya chuma iliyowahi kukaa ndani ya gari la kampuni fulani, pamoja na mwenzake wa kwenye boti. Fundi wa pikipiki alitufungia betri. Tukasimamisha mti wa mkalitusi nyuma ya meza yangu, juu yake tukafunga antena. Sasa, redio ile ilikuwa na chaneli nyingi, na ilibidi tuchague moja. Tulizungusha kitufe. Chaneli hii kimya, ile kimya, nyingine kimya, halafu tukafika mahali ambapo watu walikuwa wakiongea Kibemba, mwanamume na mwanamke, maneno mafupi mafupi. Tukashangilia. Hapo ndipo tukakaa.

Mtu mwingine angekimbia mahali penye watu, lakini sisi tulilelewa na fonie. Kwenye fonie unakwenda waliko watu, kwa sababu wao ndio watakaokupokelea ujumbe na kuupeleka mbele. Chaneli isiyo na watu, kwetu, ni kama njia isiyo na nyayo, na hakuna mwenye akili anayepita njia hiyo na mzigo. Kwa hiyo tuliwasalimia wale watu kwa heshima zote. Hawakutujibu. Tukasema labda ni wenye haya.

Kila asubuhi boti ikiwa njiani au imefika kisiwani, mdogo wangu alibonyeza kitufe akasalimia, na mimi nikajibu. Wanawake wa ushirika walisogea mezani kwangu na vikombe vya chai kusikiliza, kila mmoja akiomba zamu ya kusalimia mtu wake. Palikuwa pamechangamka kweli. Nakiri nilijiona mjomba kabisa, nimekaa na betri yangu chini ya meza.

Halafu asubuhi moja akaja muuguzi wa boti ya kliniki. Wote tulimjua kwa sura. Ndiye anayewaleta wagonjwa kutoka visiwani. Sare yake ilikuwa imelowa mpaka magotini. Alisimama mbele ya meza yangu, akautazama mti wa antena toka chini hadi juu, kisha akanisemesha kwa Kibemba, akiniita mama.

"Bamayo, watoto wako wote ni wazima," alisema. "Yule wa pili alikuwa na kikohozi lakini kimepungua. Mbuzi wenu amezaa. Nimesikia yote. Nilikuwa katikati ya ziwa na mama anayeshindwa kujifungua, nikiita gari lije ufukweni, na kila nilipobonyeza kitufe nyinyi mlikuwa mnasalimiana."

Kumbe wale wenye haya walikuwa watu wa kliniki. Gari halikuja kwa sababu dereva naye, aliyekuwa akisikiliza upande wake, alisikia habari za mbuzi wetu tu. Walimpeleka yule mama kwenye mkokoteni wa kubebea barafu ya samaki. Alijifungua salama, na mtoto alilia. Muuguzi alinieleza hayo bila kupandisha sauti, na nadhani angenipigia kelele ningejisikia nafuu.

Nilikasirika. Mimi nikiwa na aibu hukasirika, ndivyo nilivyoumbwa. Nilimuuliza kama hewa ni ya baba yake. Akasema "Mukwai," neno lao la heshima, akaondoka. Mwenyekiti wetu akanyoosha mkono akazima redio, na sikumzuia.

Siku chache baadaye akaja afisa wa mawasiliano, kijana mwenye tai na viatu vilivyojaa mchanga. Aliuliza leseni. Tukamwonyesha zile redio ndogo za manjano, akasema hizo sizitaki, hizo tumieni. Akaichukua ile kubwa na mwenzake wa kwenye boti, akaziweka nyuma ya gari, akaniambia nikitaka kuelewa nimfuate boma, kwenye ofisi za serikali, anakuja pale kila wiki.

Sijui kama wewe msomaji umewahi kuishi kwa karatasi. Mimi nimeishi. Karatasi ya kuingia, karatasi ya kukaa, karatasi ya kutoka kwenda kuuza samaki, karatasi ya kurudi. Kusikia kwamba hata sauti yangu inataka karatasi kulinichoma moyo kwa namna ambayo siwezi kuificha. Mwenyekiti alisema tuache, tutarudi kwenye simu. Nilimwambia nikiacha mimi nani atasikia boti? Wiki iliyofuata nilivaa kitenge changu cha kanisani nikaenda boma.

Afisa alikuwa akila karanga. Sikusubiri amalize.

"Redio ndogo unaniachia, redio kubwa unanyang'anya," nilimwambia. "Zote zinatoa sauti. Kwa nini moja iwe bure na nyingine iwe kosa?"

Alinivutia kiti. Akaanza kunieleza kwa Kibemba kilichochanganyika na Kiingereza, na mwanzoni sikuelewa hata nusu. Nilimwambia anieleze kwa samaki. Akacheka, lakini akafikiri, na hapo tukaanza kuelewana.

"Mtu akivua kwa ndoano pale ukingoni, apate kitoweo cha jioni," alisema, "nani anamuuliza kitu?"

"Hakuna."

"Na mwenye nyavu na boti?"

"Huyo ana leseni. Na miezi ya kufungwa ziwa anazikunja."

"Na anayeziba mdomo wa kijito chote kwa wavu mmoja?"

Huyo nilimjua. Wavuvi wa maji ya Mofwe wangemfukuza kwa makasia, maana akiziba pale hakuna samaki atakayeingia wala kutoka, na wa juu yake wote watalala njaa. Nilisema hivyo.

"Basi redio yako ilikuwa wavu wa kijitoni," alisema. "Ile ndogo ni ndoano. Nguvu yake haifiki mbali, ukikosea nayo unamsumbua jirani tu, kwa hiyo kuisimamia ni kupoteza muda. Yako inafunika ziwa. Unapobonyeza kitufe, wote wa chaneli ile wanafungwa mdomo mpaka uachie. Hatuangalii sauti, mama. Tunaangalia inafika wapi, na ikiharibika nani anaumia."

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba ilikuwa na maana. Ningependa iwe ujinga wa ofisi, nimezoea kupigana na huo.

Aliendelea kuniambia kuna aina nyingi. Wapo wenye teksi na walinzi, wanapewa chaneli yao ya kazi, na leseni yao ni kama uzio, wasiingiliwe wala wasiingilie. Wapo wenye vyombo vya majini: hao chombo kinaandikishwa na lazima awepo mtu aliyefundishwa kuita, kwa sababu chaneli yao ya kuitana wanachangia na waokoaji. Na wapo, alisema, watu wanaofanya mtihani mgumu ili waongee na wageni wa nchi za mbali kwa kupenda tu, na hao hawaruhusiwi kabisa kuzungumza biashara.

"Wanafanya mtihani," nilisema, "waongee na mtu wasiyemjua, tena wasimuuzie hata samaki?"

"Ndiyo."

"Na wanasalimiana?"

"Sana. Hiyo ndiyo kazi yao."

Niliporudi kuwasimulia wanawake wa ushirika walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Walikubaliana kwamba mdogo wangu amezaliwa nchi isiyo yake.

Lakini mimi sikucheka sana, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua. Nilimwambia afisa siku ileile: sawa, nimeelewa, basi nipe hiyo ya majini. Akasema mimi peke yangu haiwezekani, kitambulisho changu ni cha mkimbizi. Nikasema ushirika umeandikishwa na mwenyekiti wake ni mwenye nchi. Akasema boti lazima ikaguliwe. Nikasema ikaguliwe. Akasema itachukua muda. Nikamwambia nimengoja vita viishe, sembuse yeye. Kila wiki aliyokuja boma alinikuta nimekaa kwenye ngazi na kifurushi cha chisense wa kukaanga. Sikumhonga. Nilikula mwenyewe, mbele yake, na nilimgawia kama ninavyomgawia yeyote anayeniona ninakula. Mwisho alikuwa akiniona kwa mbali anatikisa kichwa, na mlinzi wa mlangoni alianza kuniita mfanyakazi mwenzake.

Leseni ilitoka. Pamoja nayo tulirudishiwa redio yetu, imerekebishwa isiweze kuzurura kwenye chaneli za wengine, na badala ya ile ya boti tukanunua ya mkononi ya kazi, ile yenye nguvu. Tulikuwa na chaneli mbili. Ya kwanza ni ya kuitana, tunachangia na kliniki, doria ya uvuvi na boti nyingine zenye leseni. Unaisikiliza kutwa nzima na husemi kitu ila ukiwa na la lazima. Ya pili ni yetu, ya ushirika. Ukishaitana na mtu wako kwenye ya kwanza mnahamia ya pili, huko mkaongee mpaka betri ife.

Afisa alikaa nasi siku moja kutufundisha. Unasema wewe ni nani, uko wapi, unataka nini. Unaachia kitufe. Unasikiliza. Na muuguzi alikuja pia, akaketi kwenye kreti la soda, hakusema neno juu ya mkokoteni wa barafu. Nilimpa kikombe cha chai kikubwa kuliko vya wote. Akakinywa chote, nikajua yameisha.

Aliyekataa ni mdogo wangu.

"Yaya, mi siwezi kuita mutu sawa vile banaita mbuzi," alisema jioni ile uani. "Hata jambo? Hata jambo moya?"

"Kwa chaneli ya kuitana, hapana."

"Na nikikosa kusalimia, utajua namna gani kama niko muzima?"

"Kwa kusikia sauti yako."

"Sauti!" Aliangusha mwiko. "Shangazi pia alikuwa na sauti. Sauti haina kitu. Salamu njo inasema bantu beko ao habako, bazima ao balikufa. Wewe ulisahau fonie?"

Hapo nilimjibu vibaya. Nilimwambia fonie ndiyo iliyomfanya yule mama ajifungulie karibu na kichwa cha samaki, na kama anataka kusalimia wafu asalimie akiwa nchi kavu. Maneno yakishatoka hayarudi. Akachukua sufuria yake akaenda kuwasha meko yake pembeni, na tukaendelea hivyo, moshi wake kule na wangu huku, watoto wakila kotekote wakishiba kuliko kawaida.

Lakini kazi ni kazi. Alifuata. Asubuhi aliniita kwa maneno makavu: boti ya ushirika, niko Kilwa, hamia yetu. Nikihamia chaneli yetu alinisalimia mwanzo mpaka mwisho, hata tukiwa tumenuniana, tena kwa sauti ya kunikomoa. Nilijibu zote. Aliniambia siku moja, "Salamu muliziweka mu chumba ya nyuma. Bon. Sawa, tutakaa kule nazo."

Siku ninayotaka kuisema, boti iliondoka kisiwani mchana. Nilijua waliomo kwa sababu alikuwa amenitajia kwenye chaneli yetu wakati wa kupakia: mwenye motere, ile injini ya boti, mwenyekiti wetu aliyekwenda kuona bei, mama muuza mihogo na mtoto wake mgongoni, na yeye. Magunia ya chisense juu yao. Anga upande wa Kongo ilikuwa nyeusi lakini mbali. Kisha upepo ukageuka ghafla, turubai za soko zikaanza kupiga, na wanawake wakakimbia kukusanya samaki walioanikwa. Mimi nilibaki mezani. Kwa mara ya kwanza sikwenda kusimama ukingoni.

Redio ikafunguka.

"Boti ya ushirika. Tumetoka Kilwa, tuko katikati. Motere imekufa. Maji inaingia."

Ilikuwa sauti ya mdogo wangu, na haikuwa na salamu. Wala haikuniita yaya. Nilijifunza kumdai maneno hayo makavu, nikagombana naye kwa ajili yake, na sasa yalikuwa yamekuja. Nilinyoosha mkono kwenye kitufe nimjibu, nimwambie niko hapa, nimemsikia, ashike kitu, amshike yule mtoto. Kabla sijabonyeza, sauti nyingine ikaingia.

"Boti ya kliniki. Nimewasikia. Niko karibu na kisiwa. Nakuja. Niambie unaona nini."

Ni muuguzi. Alikuwa akirudi kutoka zamu yake ya visiwani, na alikuwa karibu nao kuliko mtu yeyote. Mdogo wangu akamweleza, maneno mawili matatu, upepo ukimkata. Muuguzi akauliza. Akajibu. Nami nikaelewa kazi yangu ilikuwa ipi. Nilitoa mkono kwenye kitufe nikaukalia. Kweli, niliukalia kwa paja langu, kwa sababu sikuuamini. Neno langu moja la upendo lingemziba mdomo mdogo wangu wakati anaonyesha njia. Wanawake walinizunguka, mmoja akaanza kuomba Mungu kwa sauti, nikamwambia aombe kimyakimya.

Kisha maji yalikata mazungumzo. Redio ilinyamaza. Muuguzi aliita, hakujibiwa. Aliita tena. Nilisikia injini yake nyuma ya sauti. Halafu akasema, akimwambia dereva wa gari la kliniki na sisi sote tuliokuwa tukisikiliza, "Nawaona. Boti imejaa, watu wamo majini. Leteni gari ufukweni." Na baadaye, baada ya muda ambao siwezi kuupima, "Tumevuta watu. Tunarudi." Kitufe kikaachiwa.

Alisema watu, hakusema wote. Nilikuwa nimefungua kitambaa changu cha kichwani bila kujua, kiko mkononi mwangu. Niliona mwanamke mmoja anakitazama, nikakiweka chini.

Redio ikafunguka tena. Kwanza pumzi.

"Boti ya ushirika," alisema mdogo wangu. Alikuwa amefunga redio ile kifuani ndani ya mfuko wa plastiki, kama afisa alivyofundisha. "Soko. Hamia yetu."

Nilizungusha kitufe. Kwa haraka nikaipita, nikairudia. Ningeweza kumuuliza palepale, nani yupo, nani hayupo. Chaneli ilikuwa yetu, hakuna wa kutukataza. Lakini nilimjua mdogo wangu, na nilijua anakuja na nini, nikaachia kitufe nikangoja kama mama alivyongoja kwenye benchi.

"Jambo yaya," alisema. Meno yake yaligongana. "Batoto balitoka masomo?"

"Jambo mudogo wangu. Balitoka."

"Muzee eko?"

"Eko."

"Bon. Mwenye motere anakusalimia."

"Asante. Umusalimie."

"Mama mwenyekiti anakusalimia. Alikunywa maji mingi, lakini anakusalimia."

"Umusalimie sana."

"Mama wa mihogo anakusalimia."

Wanawake wote mezani walikuwa wakihesabu. Nilimjibu. Akabonyeza tena upande wake, kukawa na mkwaruzo, na nikasikia upepo tu, na injini. Sikumharakisha. Maisha yangu yote sijawahi kungoja salamu namna ile.

"Na mutoto wa mugongoni," alisema, "anakusalimia. Ngoja nimukaribishie redio, usikie mwenyewe."

Akalia, yule mtoto, kwa nguvu zote, akaijaza chaneli yetu nzima, na mdogo wangu hakuachia kitufe.